Bafu la Bi. Mwanahawa Lisilo na Kizingiti

Siku ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala karai. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Usagara alinikabidhi pimamaji, kile kipande cha mbao chenye kichupa cha maji katikati, akaniambia, "Povu likikaa kati, sakafu imenyooka. Likikimbia upande, wewe ndiye uliyepotoka." Nikaliamini lile povu kuliko nilivyowaamini watu. Ilikuwa miaka ya hamsini, na haikupita muda nikapata jina. Nilisakafia maduka ya Usagara, nikapelekwa Mkwaja kusakafia ghala, na kote huko ukiweka gololi chini haiendi popote. Majivuno nilikuwa nayo, nakiri, na ndiyo yaliyoniponza Mabawa.

Huko Mabawa, Karani mmoja wa bandarini alitaka mama yake ajengewe bafu la mvua, yaani maji yamwagike kutoka bomba la juu badala ya kuchotwa kwa kata. Bi. Mwanahawa alikuwa ameanguka mwaka uliotangulia, na tangu hapo mguu wake wa kushoto hauinuki, anauburuta tu. Mkwewe, mke wa Karani, ndiye aliyekuwa akimwogesha, kwa upole kabisa, na bibi alichukia kila tone.

"Niliogeshwa nilipozaliwa, na nitakoshwa nikifa," alituambia. "Hapa katikati naoga mwenyewe."

Msimamizi wetu, bwana wa milimani, Mlutheri mwenye penseli sikioni, alikuwa amekwisha kuchora ramani. Mlangoni aliweka kizingiti cha inchi sita ili maji yasitoke nje, kama walivyofanya mafundi wote. Bibi akaomba aelezwe, akaelezwa.

"Baba, msalani huingiwa kwa mguu gani?"

Msimamizi akafikiri. "Ulio karibu, mama."

"Huingiwa kwa wa kushoto, hutokwa kwa wa kulia. Na wangu wa kushoto ndio huu."

"Basi wewe tanguliza wa kulia. Nani atakuona?"

"Wewe ni msimamizi wa nyumba, au wa miguu yangu?"

Kizingiti kikafutwa. Fundi Mkuu alichukua chaki akachora bafu zima uani, kwa ukubwa wake halisi, bibi alipitie na mkongojo wake tuone. Alipogeuka, mkongojo ukatokeza nje ya ukuta, tukapanua futi moja. Akanyoosha mkono kutafuta koki, tukaisogeza karibu na mlango, maana alitaka kufungua maji akiwa bado mkavu. Msimamizi naye akaingia kukagua. Alitanguliza mguu wa kulia, akarudishwa aanze upya, na alirudi kweli.

Kusakafia niliachiwa mimi. Povu lilikaa kati pembe zote nne, nikajisifu moyoni. Siku ya majaribio Fundi Mkuu akafungua koki. Maji yalisimama kidogo kana kwamba yanashauriana, kisha, kwa kuwa hapakuwa na kizingiti wala mteremko, yakatoka mlangoni taratibu, yakapita ukumbini mpaka kwenye mkeka walipoketi wageni waliokuja kumposa binti wa Karani. Wazee wa watu wakainuka na kanzu zao mikononi.

Fundi Mkuu hakunigombeza. "Sakafu nzuri sana hii," alisema. "Inamfaa mtu anayeoga bila maji."

Bibi alikuwa amesimama pembeni, upande wa kanga ya kuogea begani. "Kwa hiyo naendelea kuogeshwa?"

Hakuniuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliona haya ambayo sijapata kuyaona tena kazini. Nikamwomba siku tatu.

Nilibomoa kwa mikono yangu mwenyewe. Fundi Mkuu akanifundisha kuweka kiberiti chini ya ncha ya pimamaji iliyo upande wa tundu la kutolea maji. Povu likikaa kati na kiberiti kikiwa pale, sakafu inateremka kadiri ile ile. Nilijiona namdanganya rafiki, lakini nilifanya.

Ijumaa asubuhi Bi. Mwanahawa aliuburuta mguu wake wa kushoto, akaingia bila kuinua kitu. Tukasikia komeo. Mkwewe alishtuka, kwani mwaka mzima bibi hakuwa amejifungia mlango. Maji yakaanza. Sisi wanaume wazima tulikodolea macho sakafu ya ukumbi, na ilibaki kavu. Muda ukapita, ukapita sana, Karani akaingiwa na hofu.

"Mama, kuna nini? Adhuhuri imekaribia."

"Nendeni msikitini," sauti ikajibu. "Mimi nina shughuli."

Nimestaafu siku nyingi sasa. Mafundi vijana huja kuniuliza habari za mteremko, nami huwaambia waanze na anayeoga, mteremko utafuata. Magoti yangu nayo yameanza ukaidi. Juzi mke wa mwanangu alibisha mlango wa bafu akaniuliza, "Baba, u salama? Nimwite mwanao akusaidie?" Nilikuwa salama kabisa. Nilicheka peke yangu mle ndani, nikamwambia asimwite mtu, nikaongeza maji.