Hatimkato ya Mapenzi

Kwa miaka thelathini na mmoja karani alikaa mbele ya meza ya hakimu, akinakili kwa hatimkato, yale maandishi ya alama za haraka, maneno ya watu waliochokana. Kesi za ndoa zilikuwa zake. Mke akisema sahani ilirushwa, karani aliandika ilirushwa. Mume akisema haikurushwa, iliteleza, aliandika iliteleza, wala hakutia chumvi. Na mtu akiulizwa swali akabaki anaangalia viatu vyake, karani aliandika maneno mawili ambayo aliyaandika mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe: Hakuna jibu. Kazi hiyo ilimfunza kuinamisha kichwa, maana ukimtazama mtu usoni mkono unachelewa. Ilimfunza pia kutoolewa. “Mwisho wa mapenzi nimeuhifadhi kwa moyo,” alizoea kusema. “Huo mwanzo wenu nadhani huwa mnautunga tu.”

Alipostaafu, binti wa mdogo wake akamfuata. Binti huyu alikuwa mwongozaji wa filamu, na filamu yenyewe karani aliiona kichekesho: hakuna anayekimbia, hakuna bunduki, hata mvua hainyeshi. Mwanamume na mwanamke waliopendana zamani wanakutana jikoni baada ya miaka ishirini, wanaongea mpaka jua linazama. Basi.

“Mama mkubwa, nataka mtu wa kufuata maneno kwenye karatasi. Wakisahau, uwakumbushe.”

“Watu wawili wanapiga soga tu? Na nani atakaa kuwaangalia?”

“Wewe utakuwa wa kwanza.”

Wakampa stuli pembeni ya friji. Fundi wa sauti aliizima friji ili isingurume, kisha akatia funguo za nyumba yake ndani ya friji hiyo, asije akaondoka jioni bila kuiwasha. Karani alimpenda mtu yule papo hapo. Alishangaa zaidi kuona watu tisa wazima wakibana pumzi kwa sababu mwanamke mmoja anamuuliza mwanamume kama amekula. Mahakamani swali hilo lingefutwa kwa kupoteza muda.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Jiko lilikuwa la kuazima na mwenyewe angerudi kesho yake asubuhi. Tukio kubwa lilikuwa bado: lilitaka jua la jioni dirishani, na lilitakiwa kupigwa kwa mkupuo mmoja, bila kukata. Jua hilo lingetosha mara mbili, si zaidi. Mwongozaji alikuwa ameihangaikia filamu hii miaka minne, na asubuhi hiyo hakuweza kumeza hata chai.

Waigizaji walikuwa mwalimu wa hesabu na nesi, wazoefu wa maigizo ya mtaani, na wote waliitwa hivyo: Mwalimu na Nesi. Walianza vizuri. Kufika ukurasa wa pili, Nesi akaacha maandishi.

“Kila mara ulikuja na sababu,” akasema. “Leo umekuja na nini?”

Haikuwemo kwenye karatasi. Mwalimu akashtuka, kisha akajibu ya kwake. Karani akafungua mdomo kuwasahihisha, mkono wa mwongozaji ukamgusa begani: waache. Basi kwa mazoea tu penseli yake ikaanza kukimbia kwenye daftari.

Nesi akasema, “Nilibadilisha kufuli mara mbili. Kila mara nilichongesha ufunguo wa pili.”

“Wa nani?”

“Sikuwa na wa kumpa.”

Wakaenda hivyo, hata Nesi akarudi mwenyewe kwenye swali lililoandikwa. “Ningekuomba ubaki, ungebaki?”

Mwalimu kimya. Kimya. Karani, kichwa chini, akamhurumia: maskini, amesahau, na jibu lenyewe ni neno moja. Basi kutoka pembeni ya friji, kwa sauti ile ya kuita mashahidi, akasema:

“Ningebaki!”

Mwalimu akaruka kitini. Mpiga picha akacheka bila kutaka, na Nesi akafunika uso.

“Kata,” mwongozaji akasema polepole.

“Nilidhani umesahau, baba.”

“Sikusahau, mama,” Mwalimu akasema kwa upole. “Nilikuwa nakuja.”

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Jua lilikwisha kushuka hadi kwenye bomba la sinki.

“Turudie, sasa hivi,” mwongozaji akasema.

Nesi akatikisa kichwa. “Sijui nilisema nini. Haki ya Mungu, sijui.”

“Niwarudishie sauti msikie?” fundi wa sauti akauliza.

“Usithubutu. Wakisikia sauti zao wataanza kujiiga,” mwongozaji akasema.

Karani akainua daftari. “Ninayo,” akasema.

Akavaa miwani, akasimama, akasoma kama alivyokuwa akiwasomea wadaawa maelezo yao kabla hawajatia saini: kavu, neno kwa neno. “Mwanamke: Kila mara ulikuja na sababu. Mwanamume: Leo sina.” Akaendelea vizuri mpaka kwenye kufuli. Kufuli na ufunguo alivinakili mamia ya mara. Nyumba ngapi zilivunjikia hapo hapo! Maneno ni yale yale, hakuna hata moja jipya, lakini watu hawa wawili walikuwa wamejenga nayo kitu. Alipofika kwenye “Sikuwa na wa kumpa” akausoma mstari huo mara mbili, jambo ambalo hakimu hakuwahi kuliona. Akafuta miwani, akamaliza.

Wakarudia. Jua lilikuwa limebaki ukingoni mwa meza. Maneno yalikuja, mengine vilevile, mengine yakiwa yamehama kidogo, kisha swali likafika. Mwalimu kimya.

Safari hii karani akainua kichwa.

Mwalimu aliuweka mkono wake mezani, kiganja juu, taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa mbali, akauacha hapo. Nesi akautazama. Uso wake ukafunguka wote, na karani akaona, kwa macho yake, kitu ambacho kwa miaka thelathini na mmoja kilikuwa kikipita juu ya kichwa chake alichokiinamisha. Jua likaondoka mezani na hakuna aliyethubutu kupumua.

“Kata,” mwongozaji akanong'ona, machozi yakimtiririka. Akaja kuchuchumaa kando ya stuli. “Mama mkubwa, ile ‘ningebaki’ hakuisema kabisa. Umeandikaje?”

Karani akamwonyesha daftari. Mbele ya swali palikuwa na alama moja ndogo ya hatimkato.

“Hii inasomekaje?”

“Amejibu.”