Zambarau ya Bi Fusae

"Bibi Fusae haoni rangi tena, shoga," Kinuyo alimwambia Wakana wakingoja tofu dukani, wala hakunong'ona. "Juzi kamtolea mama wa bwana harusi kimono ya kijivu juu ya bitana ya kijani. Kijivu, rangi ya msiba! Hapo huwekwa zambarau iliyopauka, ya maua ya fuji, na huvaliwa kabla fuji haijachanua. Mtaa mzima wa Nishijin unacheka. Mwenye duka la kimono anakofanya kazi kampa mpaka leo adhuhuri achague upya. Akikosea, basi, akalee paka."

Wakana hakucheka, ila hakumwonea huruma pia. Ukuta mmoja tu ulitenga nyumba yake na ya Fusae, na tangu azae, kila mwanawe akilia Fusae aliugonga kwa fimbo ya ufagio.

Zamu ya ubao wa matangazo ya mtaa, unaopitishwa nyumba kwa nyumba, ilikuwa imefika kwa Fusae. Wakana akaupeleka, mtoto mgongoni.

"Weka hapo uondoke. Na huyo king'ora wako."

"Amelala, bibi."

"Ndiyo maana leo nasikia mawazo yangu."

Wakana aliinama kuweka ubao, macho yakamwendea mkekani. Vitambaa vilikuwa vimetandazwa, na kando, viwili vimelazwa pamoja, tayari kufungwa. Kijani chini. Juu yake, kijivu. Kilekile.

Angeweza kuondoka. Miaka hamsini mwanamke huyu alikuwa akichagulia watu rangi ya juu na ya bitana, akiwatoa machozi wasichana wa duka kwa ulimi wake. Acha naye alie. Lakini mdomo haukungoja ruhusa.

"Hicho cha juu ni kijivu, bibi."

"Nani kakuuliza? Binti wa muuza figili! Wewe rangi ya fuji unaijua?"

"Fuji siijui. Kijivu nakijua, nafua nepi kila siku."

Fusae alikinyakua kitambaa, akakipeleka dirishani. Akakileta karibu na pua. Akakisogeza mbali. Kisha akakirudisha mkekani, mbali na kile cha kijani. Mtaani lori la mafuta ya taa lilipita likipiga wimbo wake, likaenda zake.

"Funga mlango," alisema bila kugeuka.

Wakana akafunga.

"Usisimame kama nguzo, keti. Nitolee zambarau kwenye vitambaa hivyo, iliyopauka, isiyoelekea wekundu. Kijani cha kuweka chini yake nakijua mwenyewe. Na kama huna hakika, sema huna hakika. Usinidanganye, tafadhali."