Mwenye Neno la Kulia

Sista aliyetufundisha Kifaransa hakuwa na vitabu vya kutugawia, kwa hiyo alitugawia vitenzi. Kila mwanafunzi alikuwa na chake. Akiita "manger", binti wa mpishi wa shamba alisimama na kujifanya anakula ugali. Akiita "dormir", mvulana mmoja mnene alilaza kichwa kwenye dawati akakoroma, na huyo hakuhitaji kujifanya sana. Darasa zima lilitamka neno, tukaenda kwa lingine. Kitenzi ulichopewa kilikuwa chako muhula mzima, na uwanjani wenzako walikuita kwa hicho. Mimi mwanzoni nilikuwa Courir, kukimbia, na nilijiona mtu.

Usiniulize watoto wa vibarua wa mashamba ya Ndabibi walikuwa na haja gani na Kifaransa. Sista alitoka huko wanakokisema, na ndiye aliyesimamia ile shule ya misheni. Pande zetu hakukuwa na shule nyingine iliyochukua watoto kama sisi baada ya darasa la nne. Angetufundisha hata lugha ya fisi tungeitikia.

Likizo ya Desemba nikaenda kisu. Nasema kutahiriwa. Kwetu ulishuka mtoni alfajiri na wenzako wa rika, maji yakakugandisha, kisha mkakaa kwa mstari na kisu kikapita. Uso haukutakiwa kutikisika. Aliyelia siku ile alitajwa hivyo mpaka kaburini, na wanawake walimcheka hata akiwa na mvi. Mimi nilikazia macho mlima Longonot ng'ambo ya ziwa, na sikulia. Baba alisimama nyuma ya watu akiniangalia. Wiki ile yote alitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Kidonda kilikawia kupona, nikarudi shule nimechelewa. Vitenzi vilikuwa vimeshagawiwa upya. Courir kilikuwa na mwenyewe mwingine, kihii fulani, ndivyo tulivyowaita wavulana ambao hawajaona kisu. Nilikuta kimebaki kimoja tu.

"Pleurer," Sista akasema. Akajifunika uso kwa viganja, akatingisha mabega, akatoa sauti ya paka mwenye njaa. Halafu akaninyooshea kidole nifanye vilevile.

Wasichana walioketi mbele wakageuka kunitazama. Wenzangu wa rika, tuliotoka mtoni asubuhi moja, walikuwa benchi la nyuma. Nikasimama, mikono ikakataa kuinuka. Na ningeeleza nini? Mambo ya kisu hayasemwi mbele ya mwanamke, sembuse mwanamke mzungu aliyevaa nguo za kanisa.

"Wewe hapana taka?" Sista akauliza kwa kile Kiswahili chake cha kuokota shambani.

"Hapana, Sista."

Hakuna aliyewahi kumkatalia. Uso ulimwiva. Akasema niende nyumbani, nisirudi bila mzazi, na hata nikija na mzazi sina nafasi pale mpaka kitenzi changu kifanywe mbele ya darasa kama vya wengine.

Nilimkuta baba akikamua ng'ombe wa bwana mwenye shamba. Nikamweleza yote naye hakuacha kukamua. Huyu baba yangu alikuwa na shamba lake Olenguruone, na serikali ya wazungu ilipotutoa huko mahindi yalikuwa hayajavunwa. Nyumba ikichomwa, alisimama ameshika kofia mkononi, macho makavu. Mimi nilikuwa nalia, akaniambia machozi ya mwanaume huteremkia tumboni. Toka siku ile alikuwa na wimbo mmoja tu, kwamba ardhi hunyang'anywa lakini masomo hayanyang'anywi. Kila alichokuwa nacho alikiweka kwangu.

"Basi nimeacha shule, baba?" nikamuuliza.

"Sijasema hivyo."

"Nikalie, kwani?"

"Wewe umekuwa mwanaume. Huwezi." Akahamia ng'ombe mwingine.

Kesho yake alivaa koti lake la Jumapili, ambalo nalo lilinuka maziwa, tukaenda. Mlangoni mwa darasa alivua kofia.

"Mama," akamwambia Sista, "huyu kijana hawezi. Nitamfanyia mimi."

Sista alidhani hajaelewa. Akamweleza polepole kwamba haombwi pesa wala kuni, mtoto anatakiwa alie tu, kidogo, kama mchezo.

"Nimesikia," baba akasema. Akapita mbele ya madawati mpaka ubaoni, akatugeukia, akafunika uso kwa ile mikono yake iliyopasukapasuka.

Mwanzo ilikuwa sauti kavu, ya kujilazimisha, na wasichana wakacheka. Mzee na koti lake anajililia kama mtoto wa chekechea, nani asingecheka? Kisha mabega yakaanza. Ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani wala msibani, nzito, ya kukatikakatika. Wasichana wakanyamaza.

"Très bien, mzee," Sista akasema. Hakuacha. "Basi, basi, mzee." Hakuacha. Sista akabaki na chaki mkononi hajui aiweke wapi. Mimi nilijua kilio kile kinatoka wapi. Kilikuwa kimekaa tumboni tangu Olenguruone.

Ningependa kukuambia kwamba nilimwonea huruma. Sikumwonea huruma, nilimwonea aibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, hatua chache kutoka kwake, na nilichowaza ni wenzangu wa nyuma watasema nini, na kwa nini asiishie pale Sista aliposema vizuri.

Mwisho alijipangusa kwa kofia. "Sasa akae?" akauliza. Sista akanionyesha benchi, nikakaa upesi kabla hajabadili nia. Baba akatoka. Kwetu mzazi akija kukuona, unamsindikiza angalau mpaka getini. Nilimwona kupitia dirishani akienda peke yake, kofia bado iko mkononi, na sikuinuka.

Wakati wa mapumziko wenzangu wa rika hawakunicheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, hata ngumi nilikuwa nimezikunja. Mmoja wao, mpole kuliko wote, alikuja akasimama kando yangu.

"Afadhali ungelia wewe," akasema. "Wewe ungekuwa unaigiza."

Jioni baba alikula githeri yake, mahindi na maharage, kama kawaida. Mimi nilikuwa natazama sahani. Akaniuliza, "Na neno la kucheka, mwenyewe ni nani?"

"Msichana mmoja anayekaa mbele."

"Mwombe mbadilishane. Langu mimi nimelimaliza." Akacheka peke yake. Mama akatutazama mmoja mmoja, hakuambiwa kitu, akaongeza chakula. Nilitaka kusema asante, baba. Neno dogo hivyo, na nilikuwa na lugha nne za kulisemea, likanikwama kooni pamoja na mahindi.

Usiku huo nikaamua. Kisu au hakuna kisu, rika au hakuna rika, neno lilikuwa langu na nitalifanya mwenyewe. Asubuhi, nikipeleka ndama malishoni, nilijaribu nikiwa peke yangu: viganja usoni, mabega, sauti. Ndama walinitazama wakaendelea na majani.

Somo la Kifaransa likafika. Sista akaita manger, binti wa mpishi akala. Akaita boire, mwenyewe akajifanya anakunywa. Akaita courir, kihii akakimbia hadi mlangoni na kurudi. Akaita rire, yule msichana akacheka, tukacheka naye kidogo. Sista akanitupia jicho, akalitoa haraka, akageukia ubao na kuandika vitu vingine.

Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo. Nilikaa muhula mzima viganja vikiwa tayari mapajani, nikimsubiri alitaje lile neno, na hakulitaja tena.