Nani Atakaa Mkiani

Mume wangu hajui kuogelea. Naanza na hilo ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi, maana wakati ule tuliokuwa tukiujua ukweli huo ni mimi, yeye mwenyewe, na mtu mmoja ambaye hakuna aliyekuwa akimsadiki.

Wengine wote walijua hadithi. Hadithi ilisema kwamba alipokuja kuniposa kutoka Mamboya aliukuta mto Mkondoa umefurika, washenga wake wakageuza, yeye akafunga kitambaa cha posa kichwani, akajitosa, akaogelea mpaka upande wa kwetu Kilosa. Imesimuliwa harusini, imesimuliwa kwenye arobaini za watoto, na husimuliwa kila mvua kubwa ikinyesha. Hakuitunga yeye. Aliitunga marehemu baba yangu, aliyependa kujisifia mkwe kwa majirani. Lakini mume wangu hakuikanusha, na baada ya watoto kuzaliwa na kuikuta imeshatangulia, angeikanusha vipi?

Mimi siku ile nilikuwa nimejibanza kwenye migomba yetu kando ya mto, nikichungulia kama mchumba atakuja. Nilimwona akija mabegani mwa kijana mmoja mrefu, mtoto wa Mnyamwezi aliyeletwa na kazi za mkonge. Kijana huyo, mto ukijaa, kazi yake ilikuwa kuvusha watu. Mchumba wangu alikuwa amefumba macho na kulikumbatia paji la uso la kijana hata nikajiuliza yule mwenzake anaona wapi pa kukanyaga. Katikati waliteleza. Wakazama wote wawili. Walipoibuka nilimsikia mwanamume anayenioa akimwita mama yake, kwa sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo.

Yule kijana ndiye sasa mzee mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko. Mume wangu ni Mkaguru, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na utani wao hauna likizo. Akiingia kwetu haulizi kama pana chakula. Anachukua chapati kwenye sahani ya mume wangu na kumwita mtumwa wake. Kila hadithi ya mto inaposimuliwa, yeye huropoka, "Mwongo! Nilimbeba kama gunia la mahindi!" Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Nani amsadiki mtani?

Basi binti yetu ameolewa Mikumi. Anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni pale barabara kuu, na mumewe huendesha gari la kupeleka watalii mbugani. Tulipokwenda kuwatembelea tuliwakuta wao na wafanyakazi wenzao watatu wamejikusanya sebuleni, simu iko katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Walikuwa wakipanga safari ya siku moja, Jumamosi: kuteremka pwani, wakodi kayaki, ile mitumbwi midogo ya plastiki, upande wa Bagamoyo, wapige kafi kandokando ya ufuo mpaka kwenye mikoko, wale samaki, warudi. Wamechoka kuwaangalia wazungu wakifurahi, walisema, sasa na wao wafurahi.

"Na baba na mama mnakwenda," binti akasema. "Nafasi zenu nimeshaziweka."

Mimi nikakataa hapo hapo. Mume wangu akasema atakwenda. Nadhani aliwaza tu kukaa ndani ya kitu kinachoelea, kama mtu anavyokaa kwenye kiti.

Kwenye simu alikuwa mwenye kayaki, mtu wa pwani mwenye sauti ya upole. Akaeleza kwamba kayaki nyingi ni za watu wawili, lakini moja ya mtu mmoja hukaa mkiani, nyuma ya wote. Huko anakaa anayeogelea vizuri kuliko wenzake, kwa sababu mtu akipinduka, wa mkiani ndiye atakayemfikia kwanza. Yeye mwenyewe ataongoza mbele. "Laifujaketi mtavaa wote," akasema, "lakini jaketi halimtulizi mtu aliyeingiwa na hofu. Mtu akihofu majini anamng'ang'ania aliye karibu, wanazama wawili. Sasa niambieni, nani hapo anaogelea kweli?"

Sisi watu wa bara kuogelea tunakujua kwa kusikia. Ndipo mkwe wangu akainua uso wake, umejaa heshima, akasema, "Baba aliwahi kuvuka Mkondoa ukiwa umefurika."

Nilimtazama mume wangu. Nilingoja acheke, akohoe, aseme enzi hizo zimepita. Akarekebisha kofia yake, akasema, "Tutaangalia." Na kwa vijana wale, tutaangalia ya mzee ni ndiyo.

Tulirudi Kilosa jioni ile ile. Asubuhi yake, alipokuwa anapukuchua mahindi uani, nilimvamia.

"Baba watoto, utakufa."

"Kila mtu atakufa."

"Siyo kila mtu atakufa Jumamosi! Wapigie waambie hujui kuogelea."

Akaacha gunzi likaanguka. "Unataka nivuliwe nguo mbele ya mkwe wangu?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia.

"Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akanijibu, akaendelea na mahindi yake. Mwanamume huyu, mvua ikipiga bati sana, huhamisha kiti chake mbali na mlango. Nimemwona akizunguka njia ndefu ili asiruke mtaro wenye maji. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma, na siku nzima ile niliweka vyombo kwa kishindo.

Ningeweza kumwambia binti mwenyewe. Niliishika simu mara kadhaa. Lakini mke akimuumbua mumewe kwa watoto, hata kama amemwokoa, nyumba inabaki na ufa, na mimi ndiye ambaye ningeishi ndani ya nyumba hiyo. Nikaona yuko mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kumwambia mume wangu jambo lolote mbele ya yeyote. Nikajifunga khanga, nikaenda kwenye kibanda cha baiskeli.

Mtani alinisikiliza huku anaziba pancha. Nilipotaja bahari akaacha kuziba.

"Shemeji, mimi siku zote nasema."

"Safari hii sema wasikie."

Siku moja kabla ya safari wale vijana walishuka Kilosa, kwa sababu treni ya mwendokasi wangeipandia hapa alfajiri. Nilipika chapati na maharage ya nazi. Wakatandika mkeka uani, binti akaweka simu katikati kama ilivyo desturi yao, mwenye kayaki akawaeleza habari za maji kupwa na kujaa, nguo za kuvaa, na saa ya kuwa ufukweni. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha mbao, amenyooka. Hakuwa amegusa chakula.

Mtani akaingia bila hodi. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja katikati ya ua, akajibwaga kwenye mkeka, akaanza kulia kilio cha msibani, kile watani wanachokiangua wakifika kumzika mtani wao.

"Mtumwa wangu amekwenda! Amekunywa bahari yote, samaki wamebaki mchangani! Nilimwambia huyu Mkaguru, mara ya kwanza nilikubeba, mara ya pili mgongo umechoka! Leteni sanda, na iwe ndefu, maana amevimba!"

Vijana walicheka mpaka wengine wakalala chali. Mtu wa pwani kwenye simu akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Mume wangu akacheka kuwashinda wote, akipiga paja. Mtani akazidisha: akalala akawa maiti, akajiziba pua, akaigiza mtu anayeshuka chini ya maji huku kofia yake ikibaki juu. Nilimwona akinitupia jicho katikati ya vituko vyake, na jicho lile halikuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa anasema kweli kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kutosadiki.

Mimi sikucheka. Nilisimama na bakuli la maharage mkononi, natamani kulirusha.

Kicheko kilipopoa, mkwe wangu akafuta machozi, akainamia simu. "Basi tumalize. Mkiani ni baba."

"Vizuri," ile sauti ikasema. "Na mbele ya mkia tuweke yule mwenye wasiwasi zaidi na maji, ili wa mkiani awe anamwona."

"Huyo ni mke wangu," mkwe akasema. "Yeye maji yakimfika kiunoni anapiga kelele. Atakaa na mwenzake wa kazini, mbele ya baba." Kisha akamgeukia mume wangu, na akasema kwa adabu maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Baba, akipinduka wewe upo. Sina wasiwasi."

Binti yangu akamtabasamia baba yake.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeamua: nyumba ipasuke ikipasuka. Lakini mume wangu alikuwa ameshanyanyuka. Alivua kofia, jambo asilolifanya mbele ya wakwe, akaishika kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu, usimweke mbele yangu."

"Baba?"

"Usimweke mwanangu mbele yangu. Akianguka nitamwangalia tu. Ule mto sikuogelea. Nilibebwa. Huyu mtani wangu amekuwa akisema kweli miaka yote. Mimi sijui kuogelea, na maji nayaogopa."

Hakuna aliyecheka. Mkwe wangu akainamisha macho akautazama mkeka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mkubwa ndani. Mtu wa pwani, ambaye hakutuona nyuso, akasema taratibu kwenye simu, "Ahsante, mzee. Mkiani nitamweka kijana wangu. Wewe utakaa na mimi mbele, ukipenda." Nikampenda mtu yule ambaye sijawahi kumwona.

Binti yangu alikuwa amekunja uso, anafikiri. Nikaogopa atakachosema, maana ana ulimi wangu.

"Kwa hiyo baba, hukujua kuogelea," akasema. "Mto umefurika, washenga wako wamerudi. Na ukaingia?"

Mume wangu akamshangaa kwa swali hilo. "Sasa ningefanyaje? Mama yako alikuwa ng'ambo."

Nililiweka bakuli chini. Siku ile kwenye migomba nilimwona mtu mwoga, na nimekaa naye ndani ya nyumba moja miaka yote hiyo nikiamini nimeitunza siri ya mtu mwoga. Sikuwahi kuuliza kwa nini mtu anayeogopa maji kiasi kile alikubali kupanda yale mabega.

Mtani akajiinua kwenye mkeka, akajikung'uta vumbi la maiti. Akamtazama mume wangu, kofia mkononi, upara wazi mbele ya mkwe. Kisha akawageukia vijana, akapaza sauti.

"Mwongo huyu! Msimsikilize! Aliogelea! Mimi nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu haya mawili, anakata maji kama mamba!"

Hakuna aliyemsadiki. Mume wangu akavaa kofia yake, akachukua chapati kwenye sahani ambayo alikuwa hajaigusa, akampa mtani kabla hajapokonywa.