Roboti Amepika au Imepika

Nilikuwa nimemaliza kuchapisha kadi mia mbili za harusi, printa bado ina moto, nikafungua simu kupumzisha macho. Kuna ukurasa wa habari za teknolojia ninaoufuata, unaoandikwa kwa Kiswahili na vijana ambao hadi leo sijui wanakaa wapi. Siku hiyo walikuwa wameweka picha ya mkono wa chuma unaokaanga mayai, na juu yake maneno haya: "Roboti amepika chakula cha watu mia moja."

Amepika! Nilikaa wima kitini.

Duka langu liko Malindi, kwenye kichochoro kinachotoka msikitini kuelekea sokoni. Natoa nakala, napiga chapa barua za watu, natengeneza kadi. Nimezaliwa mtaa huu huu, na Kiswahili nimekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Miaka yote nimekuwa nikiwasahihishia wateja barua zao bila kuombwa, na wengi hushukuru. Basi chini ya habari ile nikaandika, kwa yakini ya mtu aliye kwao: "Roboti ni chombo, hana roho. Semeni roboti imepika. Msituharibie lugha."

Dakika tano hazikupita, nikajibiwa. Aliyenijibu hakuweka jina lake wala sura yake. Picha yake ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, na jina alilojipa ni herufi mbili tu. Aliandika: "Hana roho, au haina roho? Amua kwanza, dada, ndipo utufundishe."

Nilisoma tena nilichokiandika. Hana! Kwa mkono wangu mwenyewe! Masikio yalinipata moto kama niliyeitwa jina mbele ya watu, na papo hapo nikajikuta nacheka peke yangu. Muda mrefu hakuna mtu aliyewahi kunishika ulimi.

Mama yangu hushinda nami dukani baada ya sala ya adhuhuri, anasuka ukili wa mikeka. Akaniuliza kinachonichekesha. Nilipomsomea, alifikiri kidogo, akasema, "Hebu mwulize, hiyo mbuzi yake inakula majani?"

Nikaandika neno kwa neno. Watu wakacheka, wakaanza kujaa. Wa Tanga, wa Lamu, na mmoja aliyesema yuko baridini Ulaya na hajacheka hivyo tangu aondoke kwao. Nikadhani nimeshinda. Kisha mwenye mbuzi akarudi: "Haili majani, ndiyo sababu twasema mbuzi hii. Lakini maiti naye hali majani wala wali, na bado twasema ameoshwa, amevikwa sanda, amezikwa. Roho yake iko wapi?"

Nilipomsomea mama jibu hilo, aliuweka ukili chini. "Huyo amesoma," akasema.

Siku tatu tulibishana. Nilikuwa nafungua duka mapema ili nipate kujibu kabla ya wateja. Nilisema maiti alikuwa mtu, na roboti ilikuwa bati. Akanijibu kwamba kiongozi na kipofu wana umbo la kiti na kikombe, ila sarufi haikuwaacha wakae na vikombe, iliwapandisha wakakaa na watu. Kwa hiyo ngeli haitazami umbo, inatazama tendo, na roboti anatenda. Bwana mmoja akaingilia kati: "Acheni hayo, muhimu ni hilo roboti linauzwa wapi?" Hilo! Linauzwa! Tukamrukia sote wawili kwa pamoja, mimi kutoka huku na mwenye mbuzi kutoka huko, hata masikini akafuta maneno yake akaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kumwita ustadhi. Nilishamchora akilini: mzee mstaafu wa Lamu au Mambrui, kanzu iliyopigwa pasi, miwani kwenye ncha ya pua, kamusi mezani. Naye hakukana. Nikimwita ustadhi, ananiita dada, tunaendelea kuraruana.

Wiki iliyofuata ukurasa ule ukaweka kichwa kingine cha habari: "Simu za wazee kuzimwa mwisho wa mwezi huu."

Sikukiona mimi kwanza. Nilikiona kwenye uso wa bibi wa nyumba ya pili, aliyeingia dukani bila viatu, buibui halijakaa sawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee haya. Tumekosa nini sisi wazee, hata tuzimiwe simu?"

Bintiye yuko Maskati, na kila Ijumaa humtumia sauti yake na ya mjukuu. Mjukuu huyo bibi hajawahi kumshika. Anamjua kwa simu tu. Nyuma yake walikuja wengine, mmoja mmoja, kila mtu na simu yake kaishika kwa mikono miwili. Habari zilikwisha kufika kisimani. Mmoja alikuwa analia.

Nilisoma habari yote hadi chini. Kumbe ni programu moja ya kutumiana ujumbe ambayo ingeacha kufanya kazi kwenye simu za zamani. Aliyeandika alitafsiri ovyo, na simu zilizozeeka zikageuka simu za wazee. Niliwaeleza. Wakapumua, wakanitazama, kisha bibi akauliza swali lililonishinda: "Sasa hii yangu ni ya zamani, au ni mpya?"

Sikujua. Sarufi ninayo, lakini tumbo la simu silijui. Simu nilizoonyeshwa nyingine zilikuwa na kioo kilichopasuka, nyingine maandishi yake yote ya Kiarabu kwa kuwa ilitoka Oman. Nikaandika kwenye maoni kwa hasira: "Si simu za wazee, ni simu za zamani! Mmewatoa watu wazima nyumbani bila viatu. Na mtuambie ni simu zipi!"

Mwenye mbuzi akajibu. Kwa mara ya kwanza hakunipinga. "Dada yuko sawa kabisa," aliandika, kisha akaeleza taratibu mahali pa kubonyeza, namba ya kutafuta, na namba ambayo simu ikiwa nayo mtu asiwe na wasiwasi. Kiswahili chake kilikuwa safi na chepesi. Nilijaribu kwenye simu mbili, ya tatu ikanishinda. Nikamwandikia pembeni: "Ustadhi, nina simu nane mezani na sijui nishike wapi."

"Zilete Kilifi," akajibu. "Niko Kibarani. Uliza fundi wa simu, jirani na mashine ya kusaga mahindi."

Fundi? Nilirudia neno hilo mara mbili. Lakini wazee walishaniachia simu zao, kila moja imefungwa kwa kitambaa chake ili zisichanganyike, na asubuhi yake nilizitia kikapuni nikaenda.

Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya samawati. Ndani alikuwamo mwanamke mdogo kuliko mimi, labda kwa miaka kumi, leso kiunoni, chuma cha kulehemu mkononi. Alikuwa akizungumza Kigiriama na mama mmoja mwenye kapu la mchicha, wanacheka.

"Hodi," nikasema. "Namtafuta ustadhi mmoja, fundi wa simu."

Akainua kichwa. Akanitazama, akatazama kikapu. "Dada wa roboti?"

"Ndiwe?"

"Ndimi. Karibu kiti. Ustadhi wako anamalizia waya huu tu."

Nilicheka hadi nikashika mlango. Naye alicheka, na mama wa mchicha, ambaye hakujua lolote, akacheka nasi. Nilipopata pumzi nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

Alizima chuma kile akakiweka pahali pake. "Ulinipa ustadhi mwenyewe, nikaona tamu. Na ningekwambia mimi ni fundi, mwanamke, wa Kaloleni, ungenijibu hoja yangu? Au ungeniuliza Kiswahili nimekitoa wapi?"

Alisema kweli. Kwetu mjini tuna mzaha wetu kuhusu watu wa bara ya Kilifi na matamshi yao. Nimewahi kuucheka mzaha huo, na nimewahi kuutoa mimi mwenyewe. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. "Ningekuuliza," nikasema. "Nisamehe."

"Yamekwisha," akasema, na nikaona usoni mwake kwamba kweli yamekwisha.

Huku akifungua simu ya kwanza alinisimulia. Kwao Kaloleni nyumbani ni Kigiriama tu. Kiswahili alikikuta shuleni kwa wamisionari, na mwalimu wake aliwafanya waseme ngeli kila asubuhi kabla ya kukaa. Wenzake walichoka. Yeye alipendezwa. Alikuwa na daftari la kuandikia maneno yanayokataa kukaa kwenye ngeli zao, na bado analo. "Nyinyi hamkuzihesabu," akaniambia. "Mimi kila moja nilikutana nayo siku yake."

Simu zile alizijua kwa kuzigusa. Tano hazikuwa na neno. Moja ilitaka kusasishwa, akaisasisha. Mbili kweli zilikuwa zimezeeka, na moja kati ya hizo mbili ni ya bibi wa nyumba ya pili. Nikakumbuka kuwa dukani nina simu niliyoiacha nilipobadilisha, imo kwenye droo ya meza. Nikamtajia aina yake. "Hiyo inafaa sana," akasema, akanionyesha namna ya kuhamisha sauti zote za mjukuu zisipotee hata moja. Nilifanya mara mbili mbele yake hadi akaridhika. Mwenye ile nyingine alikuwa na mtoto Mombasa, nikampigia, akaahidi kumletea mama yake simu nyingine.

Kazi ilipokwisha tukaagiza viazi vya karai na ukwaju, na kabla sijameza cha kwanza vita vikaanza upya.

"Mti una uhai," nikamwambia. "Unakunywa, unakua, unakufa. Mbona hatusemi mti amekufa? Ikiwa kilicho hai kabisa tumekinyima, roboti tumpe kwa lipi?"

Akaacha kutafuna. Macho yalimng'aa. "Hapo umenipata," akasema. "Hilo sikulifikiria. Hebu ngoja." Akafikiri, akapiga meza kwa kiganja. "Na mwanasesere? Ni kitambaa na pamba, lakini mwanasesere wangu amepotea!"

"Hapo nawe umenipata!"

Tulikuwa tumesimama wote wawili, hatujui tumesimama saa ngapi. Wateja watatu walikuwa mlangoni wanasikiliza. Mmoja alisema yeye ni wa upande wangu, mwingine akasema wa upande wake, wa tatu akasema simu yake imeingia maji na anaomba ihudumiwe.

Nilirudi Malindi alasiri nikiwa mwepesi kama niliyetoka harusini. Nilimhamishia bibi sauti zote kwenye simu yangu ile ya droo, kama nilivyofundishwa. Alisikiliza sauti ya mjukuu mara tatu. Ya nne akaniwekea mimi sikioni, nisikie jinsi mtoto anavyosema "bibi" huku akivuta mwisho wake.

Mhariri wa ukurasa alibadilisha kichwa kile, akaomba radhi hadharani, kisha akatuandikia sote wawili. Alikuwa amesoma mabishano yetu tangu mwanzo. Je, tungekubali kupitia vichwa vya habari kabla havijatoka, mmoja kwa lugha na mmoja kwa teknolojia? Tulikubali kila mtu kivyake, kabla hata hatujaulizana, ila fundi aliongeza sharti: lugha aachiwe yeye, na mimi nianze kujifunza tumbo la simu.

Kichwa cha kwanza alichotuletea kilikuwa cha maneno saba, kuhusu betri inayojaa haraka. Mimi nikasema betri huchajiwa, haijazwi, si mtungi. Fundi akasema chaji ndiyo inayoingia, kwa hiyo betri inajaa, na akaleta mifano sita. Nikaleta mingine. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo, mama yangu akipokea wateja, hadi mhariri alipoandika: "Shikamooni, wakubwa zangu. Wasomaji wananingoja."

Tukamwitikia marahaba kwa pamoja, tukampa kichwa cha maneno manne, hakina kujaa wala kuchajiwa.