Waliokanyaga Udongo wa Ndiva

Usiku ule nililala mapema, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa mezani, imesahihishwa mara ya mwisho. Asubuhi ningemwambia mhariri aichape. Ilikuwa hadithi ya ndiva ya kijijini kwetu Upareni, lile bwawa linalokusanya maji ya mlimani ili mashamba ya chini yanywe kwa zamu. Shujaa wangu, Mbonea, analichimba peke yake huku kijiji kizima kikimcheka. Wenzangu waandishi walikuwa wamelisifu hilo kuliko yote. "Shujaa wa kweli hana wenzake," alisema mmoja wao, tukampigia makofi.

Nilijua kwamba haikuwa hivyo. Marehemu bibi yangu, mama yake mama, alinisimulia mara nyingi: ndiva ilijengwa kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Wanaume walichimba. Wanawake walimwaga udongo wa mfinyanzi, wakaukanyaga siku nyingi kwa wimbo, hadi sakafu ya bwawa ikaacha kuvuja. Mimi niliwafuta wote. Watu wengi ni kazi kuwaandika, na mmoja anapendeza zaidi.

Katika ndoto ilikuwa adhuhuri. Bibi alikuwa amekaa kwenye meza yangu, miguu imejaa udongo mbichi hadi magotini, akifunua kurasa kwa kidole kilicholowa. Bibi hakujua kusoma. Nilitaka kumwuliza amejifunza lini, lakini niliona haya, kwa kuwa nakumbuka amekufa na nakumbuka pia kwamba sijamwandalia chai.

"Mume wangu," ananiita, kama alivyonitania siku zote, "mimi niko ukurasa gani?"

Nasema yuko mbele kidogo. Anafunua. Nasema bado, mbele zaidi. Karatasi zinalowana na kushikana, na meza si meza tena, ni ukingo wa ndiva, na nyuma ya Bibi wamesimama wanawake wengi, kila mmoja anangoja zamu yake ya kutazama kitabu.

"Ndiye huyu mwandishi wako?" mmoja anamwuliza Bibi. "Mikono laini hivi! Siku ile tungemwacha nyumbani abembeleze watoto."

"Na watoto wangemshinda!" anadakia mwingine.

Wanacheka. Nami nacheka, nikidhani nimesamehewa.

Chini, katikati ya bwawa, yupo Mbonea. Mrefu, mzuri, mgongo unang'aa kama nilivyomwandika. Maji yako kiunoni mwake. Natazama tena, yako magotini. Sakafu haijakanyagwa, maji yanazama ardhini bila sauti, na kule mashambani majani ya mahindi yanajikunja.

"Waite waje," ananiambia.

"Wako hapa juu. Waite wewe."

"Hukunipa jina la hata mmoja. Nimwite nani?"

Nawageukia wanawake, nawasihi washuke. Hakuna anayesogea.

"Msaragambo ni kuitwa," anasema Bibi. "Hatukufundishwa kwenda bila kuitwa."

Nashika pembe, napuliza, inatoka pumzi tu. Ndipo Bibi anainama, mdomo wake uko sikioni mwangu, ananipa majina. Taratibu, moja moja, na nyumba ya kila mmoja. Nalitamka la kwanza, mwanamke mmoja anapandisha kanga yake, anashuka. La pili, anashuka wa pili. Wimbo unaanza, nyayo zinapiga, udongo unakaza. Maji yanasimama kwenye vifundo vya Mbonea na hayapungui tena.

"Yashike hayo majina," Bibi anasema. "Sisi hatuji mara ya pili."

Niliamka kumepambazuka. Nilirukia kalamu. Nilikumbuka sauti ya Bibi, nilikumbuka alivyovuta pumzi kati ya jina na jina, nilikumbuka hata kanga ya yule wa kwanza. Jina sikukumbuka hata moja.

Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi hivi, kuna msiba?"

"Hapana. Nataka kujua, kina nani walikanyaga udongo wa ndiva pamoja na Bibi?"

"Hayo ungemwuliza mwenyewe. Ulikuwa unakaa naye jikoni kutwa nzima."

"Hakuna mzee aliyebaki?"

"Yule tuliyemzika baada ya mavuno ndiye aliyekuwa wa mwisho. Na hukuja, ulisema unaandika."

Kitabu kilichapwa kama kilivyokuwa. Kabla ya hapo, asubuhi ile, nilijaribu kubuni. Niliandika Nambike, nikaandika Namsifu, nikaandika Nakiete, majina mazuri ya kwetu, nikayasoma kwa sauti chumbani, moja moja, nikingoja kati ya jina na jina. Hakuna aliyeitika.