Rosalie Ndani ya Tipoy ya Bwana Mkubwa

Tipoy ile ilistaafu kabla ya mwenyewe. Mwaka 1957 bwana mmoja wa serikali, aliyezoea kuzunguka vilima vya Bushi, nchi ya Washi karibu na Bukavu, akiwa juu ya mabega ya watu, alipewa gari la jeep. Kiti chake cha kubebwa, chenye miti miwili mirefu, paa la turubai na mapazia ya kijani pande zote, kikatupwa nyuma ya stoo ya misheni, karibu na kengele iliyopasuka na sanamu ya mtakatifu asiye na pua. Wabebaji wake wanne hawakutupwa popote. Hakuna aliyekumbuka kwamba wapo.

Aliyekiokota kiti alikuwa Masere Godelive, mtawa wa Kibelgiji mwenye moyo mkubwa na saa ya mkononi iliyokuwa kubwa kuliko moyo. Alikuwa amesoma katika gazeti la kwao kwamba huko Ulaya vilema, kama walivyoitwa siku zile bila mtu kuona haya, hutolewa nje kupunga hewa, na hewa huwatia furaha. Akaamua kwamba Bukavu nayo ipate Programu ya Hewa Safi. Hewa ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni vilema wenye nafasi siku ya Jumapili.

Akapata wawili na nusu. Nusu ni Xavier, alivyojihesabu mwenyewe: mchimba dhahabu wa Mwenga aliyeacha mguu wake chini ya mwamba na kurudi na gongo. “Mimi naingia bure,” alisema. “Mguu moja tayari iko inapumzika.” Wa pili, mzee kipofu, alikuja Jumapili ya kwanza, akasema hewa ya misheni inanuka sabuni, hakurudi tena. Wa tatu alikuwa Rosalie.

Rosalie alikuwa mshonaji. Alizaliwa Walungu, na alipokuwa na miaka mitatu homa ilimpitia wiki moja, ikaondoka na nguvu za miguu yake. Miguu yenyewe ilibaki, myembamba, kama wageni waliolala nyumbani na hawasaidii kazi yoyote. Akiwa na miaka kumi na mitatu shangazi yake, Maman Anne-Marie, alimleta Kadutu, mtaa mmoja wa Bukavu, akamweka mlangoni na cherehani ya mkono, na toka siku hiyo hakuna harusi ya mtaa ule iliyopita bila blauzi yake. Alikuwa na mikono ya mbeba magunia na ulimi wa sindano.

Nyumba ya shangazi ilikuwa juu kabisa ya kilima. Kutoka mlangoni, kila siku kwa miaka kumi na mmoja, Rosalie aliliona Ziwa Kivu lote. Alilijua asubuhi likiwa la maziwa, adhuhuri likiwa la chuma, na saa ya mvua likipotea kabisa kama mtu anayekwepa kodi. Alijua mitumbwi ya wavuvi kwa mwendo wake. Lakini maji ya ziwa hilo hayakuwahi kumgusa hata kidole. Maji yake yeye yalitoka kwenye robine, bomba la mtaa, ndani ya ndoo, kichwani mwa mtu mwingine.

Na sasa siku zilikuwa zinakwisha. Maman Anne-Marie alikuwa amepata mchumba, mjane wa Kavumu mwenye shamba na meno ya kutosha, na harusi ilikuwa mwisho wa kiangazi. Mjane alikuwa na nafasi ya mke. Hakuwa na nafasi ya mke na mshonaji na cherehani. Kwa hiyo kaka yake Rosalie, Firmin, angekuja na kamio, yaani lori, kumpandisha tena Walungu, ambako maji makubwa kuliko yote ni kijito anachoruka mbuzi. Rosalie hakulia. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kamio hiyo: kuingia ziwani mpaka shingoni. Programu ya Masere ilikuwa na Jumapili sita. Akajiandikisha.

Jumapili ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Wabebaji walewale wanne, ambao Masere aliwaita, walimnyanyua, wakapiga hatua ishirini, kila mmoja na mwendo wake, tipoy ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Mkubwa wao, Déogratias, aliyekuwa na bega la kulia lililoota sugu kama nundu ya ng’ombe, akaamuru waishushe. Akavua kofia.

“Maman, utusamehe. Bila wimbo miguu haisikilizane.”

“Basi muimbe.”

“Wimbo tunajua iko moja tu. Na iko ya matusi.”

“Ya kumutukana nani?”

Déogratias akaangalia mawingu, na siku hiyo hayakuwepo. “Ule mwenye iko ndani.”

Ndivyo ilivyokuwa desturi, na kila mbebaji wa Bushi aliijua. Miaka kumi na tisa walimbeba bwana mkubwa wakimwimbia kwa Mashi, lugha ya Bushi, kwamba tumbo lake ni la nguruwe na mke wake analala na mpishi. Bwana, ambaye Mashi yake iliishia kwenye “leta” na “haraka”, alitikisa kichwa kwa furaha na kuandika kwenye daftari kwamba wenyeji humpenda. Lakini huyu wa sasa alikuwa Mushi kama wao. Angesikia kila neno.

Rosalie alifungua pazia. “Munitukane tu,” alisema. “Lakini na mimi nitajibu.”

Waliondoka. Déogratias akaanza kwa woga: “Huyu maman iko muzito kama nini?” Wenzake: “Heee!” “Alikula ngombe na kamba yake!” “Heee!” Na kutoka nyuma ya pazia, sauti nyembamba ikafuata mpigo bila kukosea: “Na mwenye iko mbele ananuka pombe ya kasiksi ya jana!” “Heee!” “Bibi yake alimufukuza, akalala na kuku!” Mbebaji wa nyuma alicheka mpaka akapoteza hatua. Toka siku hiyo tipoy ilikwenda kama maji. Watu wa Kadutu walitoka milangoni kusikiliza, wakajifunza mambo mengi kuhusu ndoa ya Déogratias.

Basi hewa safi yenyewe. Ilipungwa katika bustani ya misheni, kuanzia saa tatu hadi saa tano, juu ya benchi lililotazama ukuta. Kulikuwa na biskuti mbili kwa kila mtu na nyimbo tatu za Bikira. Masere aliwapiga picha za kupeleka kwao, kwa watu waliochanga.

“Mucheke,” alisema. Walipocheka, akashusha kamera. “Si sana. Kidogo. Na uchungu ndani.”

“Masere,” Xavier aliuliza, “uchungu iwe upande gani? Wa mguu ao wa gongo?”

Jumapili ya tatu Rosalie akaomba. Alisema kwa adabu zote kwamba hewa ni nzuri, biskuti pia, ila je, isingewezekana hewa ya wiki ijayo wakaipungie ziwani?

“Maji ni hatari kwa mtu kama wewe, mtoto wangu,” Masere akasema. “Tena pale chini Nyalukemba ni sehemu ya Wazungu.”

“Na hewa, Masere, yenyewe haiko ya Bazungu?”

Masere alicheka, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akaangalia saa. Hayo yakaisha. Jumapili ya nne Rosalie akaomba tena, ya tano tena, na majibu yakawa yaleyale, yakiongezwa biskuti ya tatu.

Jumapili ya sita Masere aliamka na malaria. Alituma neno kwa Déogratias: mambo yaende kama kawaida, bustanini, saa tatu hadi saa tano. Siku tatu mbele, Jumatano, Firmin angefika na kamio.

Rosalie alikaa ndani ya tipoy na hakuwaacha wanyanyue. “Papa Déo, leo unipeleke kwenye maji.”

“Watatufunga, maman. Pale kwenye barrière ya kufunga njia kuko mulinzi na bunduki.”

“Bunduki iko na risasi?”

“Sijue. Sina hamu ya kumuuliza.”

Xavier alijikuna kisigino cha mguu aliokuwa nao. “Papa Déo. Miaka kumi na tisa ulibeba tipoy hii. Ni mulinzi gani aliangalia ndani?”

Déogratias alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, akizipita barrière zote za maisha yake moja moja: Kabare, Walungu, Kavumu, bandari. Uso wake ukaanza kubadilika kama wa mtu aliyekuta noti katika suruali ya zamani.

“Hata mumoja,” alisema polepole. “Wanaangalia miguu yetu. Wanapiga saluti. Mutu hafunguake pazia ya bwana.”

“Basi funga pazia,” akasema Rosalie.

Wakafunga. Wakashuka Kadutu kwa njia kubwa, jua limeiva, jakaranda zimepukutisha maua barabarani, mji mweupe wa Wabelgiji umetulia kama keki ambayo hakuna aliyealikwa kuila. Uzuri wake hauna ubishi, wazee wa leo wanausema bado, ingawa wengi wao waliuona wakiwa wamebeba kitu. Na tazama kazi ya mapazia mawili ya kijani. Wanawake wa sokoni waliacha mboga wakajificha nyuma ya ukuta, wakidhani ni hesabu ya watu ya kodi. Karani mmoja mwenye tai alivua kofia akasimama wima mtaroni. Mzee mmoja akakimbia na mayai mawili, akayaweka mkononi mwa Xavier, akaomba aandikwe kwamba ameshatoa.

“Nitakuandika,” Xavier akasema, akachechemea mbele na mayai yake kwa heshima ya katibu.

Kwenye barrière ya Nyalukemba mlinzi alikuwa Modeste, kijana wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Aliona tipoy, akaona miguu minane ya wabebaji, akapiga saluti iliyotikisa vumbi.

“Bonjour, bwana mukubwa! Bazungu bote bangali kanisani ao kitandani. Maji iko muzuri!”

Déogratias alikuwa anatokwa jasho masikioni. Kisha ndani ya pazia kikatoka kikohozi. Kilikuwa kizito, cha kuudhika, kikohozi cha mtu anayengojea pensheni na aliyekunywa kahawa mbaya. Modeste akainua mti wa barrière mpaka juu kabisa, na tipoy ikapita.

Ufuko ulikuwa mtupu. Viti vya turubai vilikuwa vimekunjwa, chupa za jana zimelala kwenye majani. Wabebaji walifika ukingoni wakasimama. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

“Sasa?” akauliza Déogratias.

“Sasa muendelee,” Rosalie akasema, akafungua pazia.

Wakaingia na tipoy yote. Maji yakawafika magotini, mapajani, kiunoni, wanne wakipiga kelele za baridi kama watoto wanaoogeshwa, na yeye juu, bado mkavu. Halafu wakashusha taratibu. Maji yakaingia chini ya kiti, yakapanda mapajani, yakajaza liputa lake la kitenge likavimba kama andazi, yakafika kifuani. Rosalie alivuta pumzi kwa ghafla, akashika mti wa tipoy kwa mikono yake ya cherehani, akajisukuma nje ya kiti.

Mti ulielea. Naye akaelea nao. Miguu ile, ambayo tangu utotoni ilipaswa kuvutwa, kupangwa na kufunikwa, ikanyanyuka yenyewe nyuma yake, ikatawanyika, ikaenda upande huu na upande ule bila kumwomba mtu. Akageuza kichwa kuiangalia. Akaanza kucheka, na hakikuwa kicheko cha kidogo chenye uchungu ndani. Xavier alitupa gongo, akaweka mayai salama ndani ya kofia yake, akajitosa kama gunia.

Kicheko cha mwanamke kinafika mbali juu ya maji. Modeste akaja mbio, bunduki inamgonga mgongoni, akasimama ukingoni mdomo wazi.

“Bwana mukubwa iko wapi?”

“Iko na jeep,” akasema Déogratias, na hiyo ilikuwa kweli.

“Mutoke! Mungu wangu! Batanifukuza kazi! Maman, utoke!”

“Kaka,” Rosalie alimwita kutoka majini, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na mzaha. “Miaka kumi na moja naangalia maji hii. Kisha siku tatu nitapelekwa Walungu, sitarudia tena. Usiniondoe sasa hivi.”

Modeste alitazama barabara. Ilikuwa tupu. Alitazama nyumba za juu, zenye vioo vilivyofungwa. Jumatatu yangekuja maneno, na kweli yalikuja: Masere alipona akakuta kiti kimevimba maji, akafunga programu kwa machozi na barua ndefu, kisha tipoy ikapasuliwa kuni, na Déogratias akaenda kubeba saruji, ambayo haitukaniki. Jumatano Rosalie alipanda kamio na cherehani mapajani, akashona Walungu mpaka mvi zikamfunika. Kila walipokutana waliokuwepo, walihadithiana juu ya asubuhi ile kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Lakini Jumapili hiyo ilikuwa bado Jumapili.

“Nahesabu mpaka cent, mia moja,” akasema Modeste. “Cent ikifika, munatoka. Bila maneno.”

“Ndiyo, kaka.”

“Un,” akaanza, amelipa ziwa mgongo, macho barabarani. “Deux. Trois.” Alihesabu kwa Kifaransa kama walivyomfundisha shuleni, kila namba na pumzi yake. Rosalie aliachia mkono mmoja kutoka kwenye mti, akaulaza juu ya maji. Soixante. Septante. Wabebaji walikuwa wamesahau baridi. Mmoja alikuwa anajimwagia maji kichwani kwa kofia. Nonante. Nonante-six. Nonante-sept. Zilibaki namba tatu tu.

Modeste akanyamaza. Akageuka kidogo, akamwona yule dada ameachia na mkono wa pili, kidevu juu, macho yamefumbwa, Xavier akimkinga mgongo kwa kiganja kimoja. Akaigeukia tena barabara, akakohoa.

“Un,” alisema. “Deux.”